Ua, Ua na Kuua

Mama mkwe wangu anatoka Nyandarua, ambako ukichomeka nguzo ya boma Jumatatu, Ijumaa unaikuta imetoa majani. Siku aliyotutembelea Kitengela mara ya kwanza alishuka kwenye teksi, akasimama getini, akatazama mbele ya nyumba kwa muda wa kutosha kusali Baba Yetu, kisha akaniuliza kwa upole wa mtu aliyelelewa vizuri, "Baba Imani, kwani mafundi watamaliza lini?"

Mafundi walikuwa wamemaliza miaka mitatu kabla.

"Karibuni tu, Mama," nilimjibu. Tangu jioni ile Mama Imani hakunipa nafasi ya kupumua. Ua wa mbele lazima upendeze, alisema, maana ndio unaowapokea wageni kabla yetu. Nami nikaweka sharti langu moja tu: upendeze, lakini usinidai kazi.

Msiniite mvivu. Naamka saa kumi na nusu alfajiri ili niwe nimepita Athi River kabla magari hayajashikana pale Mlolongo, na narudi saa mbili usiku nikiwa nimetazamana na taa za breki siku nzima. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ua wangu naujua kwa tochi. Mtu wa namna hiyo hakabidhiwi kiumbe kinachohitaji kunyweshwa.

Kiswahili kilishaniona kabla sijazaliwa. Ua ni la kunusa, ua ni wa kuzungushia nyumba, na ua ni amri ya kumtoa mtu roho. Ploti yangu imeyapitia yote matatu.

Kwanza habari za udongo, maana anayekuuzia ploti hatakueleza. Atakwambia futi hamsini kwa mia, hati iko tayari, dakika tano kutoka lami (dakika zake, si zako). Hatakwambia kwamba chini yake kuna udongo mweusi wa mbuga, ule mafundi wanaouita blakotoni. Ni udongo wa mfinyanzi wenye tabia za mlevi: ukipata cha kunywa unafura, ukikosa unanywea na kupasuka midomo. Palipo na nyumba, fundi anakuchimbulia wote mpaka agonge mwamba, halafu unajaza mawe na moramu, na humo ndimo zinamozikwa pesa zote ulizoziweka kwa ajili ya bustani. Udongo wa mbele ya nyumba hauna wa kuuondoa. Kwangu hata uliongezeka, kwa sababu jirani alipokuwa anachimba msingi wake, dereva wa lori aliniuliza kama ningependa "udongo wa bustani, bure." Bure! Nikamfungulia geti mwenyewe, na soda nikampa.

Ikifika Februari, nyufa hufunguka kiasi cha kuingiza mkono hadi kiwikoni. Nina kandambili moja ya mguu wa kushoto ambayo najua kabisa iliko. Sina tu namna ya kuifikia. Ikifika Aprili, natoka nyumbani nikiwa na futi tano na inchi nane, nafika stejini nikiwa na sita kamili.

Juu ya udongo huo ndipo nilipoamua kupanda nyasi.

Niliziona kando ya barabara ya Namanga, kwenye vile vitalu vya miche vilivyopangwa kati ya wauza vyungu na wauza vitanda vya chuma. Gunia limejaa nyasi za Kikuyu, kijani mpaka macho yanapoa. Muuzaji akaniambia hizi hazifi. Hakunidanganya. Nyasi hizi zimetoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, zikapelekwa Australia, Afrika Kusini na Marekani, na huko Marekani zimeenea mpaka serikali imeziorodhesha miongoni mwa magugu hatari. Mmea unaopigwa vita na dola kubwa kuliko zote duniani! Nikasema huu ndio utakaojitunza wenyewe. Nilisahau kuuliza zinakotoka huku kwetu kunanyesha kiasi gani. Kumtoa mzaliwa wa ukungu wa Limuru ukamketisha Kitengela mwezi wa Septemba ni ukatili, na nyasi zilinionyesha hivyo kwa kugeuka rangi ya ganda la karanga kabla ya wiki mbili kwisha.

Hapo nikaanza hesabu, na hesabu haikuwahi kuwa rafiki yangu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mbele ya nyumba nina mita za mraba 60. Ukitaka kuzipa nyasi zako milimita 25 kwa wiki, ndipo zikubali kukutazama usoni, hizo ni lita 1,500, yaani mitungi 75 ya lita ishirini, kila wiki. Sisi ni watu wanne na tunaoga kwa beseni. Maji ya kisima cha mtaa yana chumvi, tena na floridi ya kugeuza meno ya mtoto yawe rangi ya chai. Ukinyunyizia nyasi, yanaacha ukoko mweupe juu ya udongo kama sufuria iliyochemshiwa maji mwaka mzima. Kwa hiyo nikawa naagiza lori la maji matamu. Nyasi zikachangamka. Kwa furaha nikaenda mnadani nikanunua mashine ya kukata nyasi, ya petroli, ina magurudumu manne na kelele ya helikopta. Ndugu yangu alipokuja niliiwasha nikaizungusha nje ya sebule, kwenye saruji, apate kuisikia tu.

Huo ulikuwa mwaka 2022. Waliokuwa Kajiado wanaujua. Msimu wa mvua ulikuwa unapita bila mvua, unafuata mwingine, nao unapita, tangu mwisho wa 2020. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara, na waliobaki hai ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa ndani ya matatu. Na mimi nilikuwa nanunua maji matamu ya kunyweshea zulia. Hilo silifanyii mzaha.

Lori lilipokuja Jumamosi moja, nililifungulia geti. Ng'ombe ananusa maji kutoka mbali kuliko unavyodhani. Dereva alikuwa bado anarudi nyuma ndipo walipoingia, kumi na saba, kwa utaratibu, bila kusukumana, kama waumini wanaoingia misa ya pili. Ilipofika dakika ya kumi nyasi zangu zilikuwa zimekatwa sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta, pembe zote, bila tone la petroli.

Nyuma yao akaingia mchungaji, nasema wa ng'ombe, si wa kanisa. Mzee mwenye shuka nyekundu na simu shingoni.

"Supa," akasema.

"Ipa, Mzee."

"Pole, kijana wangu. Wamenusa maji." Akaiangalia kazi ya mifugo yake. "Nyasi ni nzuri. Lakini mbona ulikuwa umezifunga?"

Bado sijapata jibu. Nilijaribu kumwambia kuhusu wageni na namna nyumba inavyotakiwa kuonekana kutoka barabarani, nikajisikia nikiongea, nikanyamaza. Alinieleza kwamba tulipokuwa tumesimama palikuwa njia ya ng'ombe wa baba yake, na kabla ya ng'ombe palikuwa njia ya nyumbu. Ni kweli. Mbuga ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946 upande wa kusini uliachwa wazi makusudi ili wanyama watoke wakati wa mvua waje kulisha kwenye tambarare hizi. Sasa kusini ndiko tuliko sisi, na hamsini kwa mia zetu, na mageti yetu yenye mikuki juu. Vitabu vya bustani vya Waingereza vina sura nzima kuhusu konokono. Hapa kwetu mwaka 2012 simba sita waliuawa baada ya kuingia kwenye zizi la mbuzi na kondoo, na mwaka 2016 simba aliyeitwa Mohawk akapigwa risasi kule Isinya. Sijaona kitabu cha bustani chenye sura hiyo.

"Panda kile mbuzi hataki," mzee akanishauri akiondoka. "Osuguroi. Oldupai. Hivyo utalala."

Ushauri wa bure una kasoro moja: ni wa bure. Nikampigia simu msanifu wa bustani.

Kijana alikuja na tableti na viatu ambavyo havikuwahi kukutana na Aprili ya huku. Akanifundisha neno zeriskepu. Ni bustani isiyotaka maji, akasema. Watu wa idara ya maji ya Denver, Marekani, walilibuni neno hilo mwaka 1981. Akanionyesha Las Vegas, ambako mamlaka ya maji inawalipa wenye nyumba wang'oe nyasi zao, na sheria ya jimbo la Nevada ya mwaka 2021 ilizipa nyasi za mapambo zisizokanyagwa na mtu hadi mwisho wa 2026 ziwe zimeondolewa. Moyo ulinidunda. Mimi nilikuwa nimeshaondolewa zangu na ng'ombe kumi na saba na hakuna aliyenilipa hata senti.

Zeriskepu yangu ilikuwa hivi: karatasi nyeusi ya nailoni, juu yake lori la kokoto nyeupe za mviringo, katikati chungu kimoja kikubwa kisicho na kitu ndani. "Chungu kinazungumza," kijana akasema. Mama Imani akaniuliza kinasema nini. Nikamwambia kinasema bei.

Siku ya kwanza palipendeza, sikatai. Siku ya nne kokoto zilikuwa na rangi ya maandazi. Kitengela ina vumbi la barabara, vumbi la ujenzi wa kila mtu anayejenga kwa awamu, na upepo ambao haujui likizo. Siku ya kumi nilimkuta Mama Imani uani, amekalia kigoda, beseni mbili mbele yake, anaosha mawe. Moja moja. Ya kwanza ya sabuni, ya pili ya kusuuza. Nilimuuliza anafanya nini, akaniangalia vile ambavyo wanaume waliooa wanavifahamu, akanisogezea kigoda cha pili.

Msidhani majirani walinipita akili. Wa kushoto alitandika nyasi za plastiki. Ni kijani Januari, ni kijani Desemba, na saa saba mchana huwezi kuzikanyaga bila viatu. Kila Jumamosi namwona anazifagia, kisha anazipiga deki. Mbuzi mmoja alizionja akaacha, nadhani kwa huruma. Wa kulia alimwaga kabro ukuta hadi ukuta, na nyumba yake ikawa kama kituo cha mafuta kisicho na mafuta. Lakini aliyemtandikia hakuuchimbua ule mlevi wa chini. Mvua ya kwanza ikaja, udongo ukafura, kabro zikainuka. Kiangazi kikaja, zikashuka. Leo ukisimama getini kwake unaona mawimbi, na gari lake likiingia linapanda na kushuka kama jahazi linaloingia Lamu.

Halafu zikaja mvua zilizokuwa zimekawia. Mwisho wa 2023 zilikuwa za El Nino. Aprili na Mei 2024 sijui tuziiteje. Mito ilivunja kingo, watu walipoteza nyumba, na mbele ya ploti yangu maji yote yaliyokataliwa na kabro ya jirani wa kulia yalipata pa kufikia. Nailoni ya msanifu ikachanika. Kokoto nyeupe, lori zima, zilizooshwa kwa sabuni, zikaanza kuzama. Nilikuwa nazitazama dirishani, kila asubuhi zimepungua, kama watoto wanaoitwa ndani mmoja mmoja. Kufikia Juni ilibaki nailoni na kile chungu, nacho kimeinama upande, sasa hata hakizungumzi.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimbua fuvu maarufu la kale kule Olduvai mwaka 1959. Mtu wa kazi hiyo akija Kitengela siku zijazo, atakuta tabaka la kokoto zilizooshwa vizuri sana na kandambili moja ya mguu wa kushoto, na aandike nadharia anayotaka.

Nimelitaja bonde la Olduvai kwa sababu. Jina lenyewe ni la mmea: oldupai, mkonge wa porini wenye majani mazito yaliyosimama kama mikuki, na ni mgeni aliyelisikia vibaya akaandika v palipo na p. Ndio ule mmea wa yule mzee. Nilikuwa nimeambiwa jina lake getini kwangu, bila malipo, miaka miwili nyuma, nikaenda kutafuta Denver.

Nilimpata mzee siku ya soko. Sikumweleza kuhusu kokoto lakini nadhani aliziona, maana alicheka kabla sijasema kitu. Alinipa vichipukizi vya oldupai kutoka bomani kwake, na vya osuguroi, ambao Waswahili tunauita mshubiri. Kutoka kwake, natilia mkazo, si kutoka porini. Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka 1986, na sitaki kufungwa kwa ajili ya kumpendeza mama mkwe. Tulitoboa tu mashimo, tukachomeka, tukatia mawe ya kawaida ya huku, yale ya kijivu ambayo vumbi haliwezi kuyaharibia sura kwa sababu yenyewe ni watoto wa vumbi. Saa mbili, kazi imekwisha. Sikumwagilia. Nilingojea vife ili niwe na la kulalamika, navyo vikanikosesha hata hilo. Majani hayo yana akiba yake ya maji ndani, na udongo ukipasuka yenyewe yanaendelea na shughuli zake.

Julai ya mwaka uliofuata mishubiri ilitoa maua, mekundu, marefu, na vikaja vile vindege vya chozi vinavyong'aa kama karatasi ya peremende, vikawa vinaning'inia kichwa chini vikinyonya. Jumapili nzima nilikaa kibarazani nikivitazama. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya uani mwaka huo, na ninaiorodhesha.

Na kuna mti. Pembeni ya geti kilikuwapo kisiki cha mgunga ambacho mafundi walikifyeka siku ya kwanza wakisema ploti lazima iwe safi. Tulipoacha kukisumbua kikachipua. Ni ule mgunga mfupi wa udongo mweusi wenye miiba mirefu na vivimbe vyeusi; sisimizi wanaishi ndani ya vivimbe, upepo ukipita kwenye vitundu vyao mti unapiga mbinja. Ukiutikisa, sisimizi wanatoka wote kuuliza ni nani. Tangu uchipue, hakuna aliyebandika tangazo la mganga kwenye nguzo yangu ya geti. Nilitaka kuwatajia jina lake la kisayansi, lakini mwaka 2005 wataalamu wa mimea walikutana Vienna wakaamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, yetu itafutiwe mengine. Rufaa ikasikizwa mwaka 2011. Wapi? Melbourne. Kesi ya ngedere kumpelekea nyani! Sasa mti uliokuwa hapa kabla ya hati zetu zote unaitwa Vachellia, na haukuulizwa.

Hasara nimepata moja. Mzee alinidokeza kwamba mizizi ya osuguroi huwekwa kwenye pombe ya asali. Mimi nikamdokezea mtu mmoja, kwa kujivuna tu. Wiki hiyohiyo usiku mishubiri minne iling'olewa, mashimo yakafukiwa kwa heshima. Mbuzi hawataki, lakini sikuwa nimeuliza kuhusu watu.

Mwezi uliopita mama mkwe alirudi. Nilikuwa nimelisubiri gari lake tangu asubuhi, shati safi, nimesimama chini ya mgunga kwa umbali unaokubalika na sisimizi. Alishuka, akasimama palepale aliposimama mara ya kwanza. Akaangalia mikuki ya oldupai, akaangalia mawe ya kijivu, akaangalia miiba. Chozi wawili walipita. Mama Imani alinishika mkono.

"Baba Imani, hongera," alisema mwishowe. "Naona mafundi wamemaliza. Sasa mbona hamfyeki?"

Kwa hiyo, msomaji, nina mashine ya kukata nyasi, ya petroli, magurudumu manne yote mazima. Imewashwa mara moja tu, tena kwenye saruji. Bei tutaelewana, ila mnunuzi awe na nyasi zake.